Mapatano hufanywa na hasimu: Hotuba ya Mandela kwa viongozi wa Burundi, Arusha 2000

Tarehe 16 Januari 2000, mzee wa miaka 81 alisimama mjini Arusha mbele ya viongozi wa vyama vya siasa vya Burundi. Nchi yao ilikuwa vitani kwa mwaka wa saba. Mzee huyo hakuwabembeleza. Aliwauliza kwa nini wanakubali kuonekana mbele ya dunia kama viongozi wasio na kipaji wala dira. Aliwaambia kuwa wanawake, watoto na wazee wanauawa kila siku nchini kwao, na kwamba vifo hivyo ni mashtaka juu yao wote, bila kubagua upande.

Mzee huyo alikuwa Nelson Mandela, rais mstaafu wa Afrika Kusini, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kukutana na wajumbe hao akiwa msuluhishi wao. Ndani ya hotuba yake lilikuwamo wazo moja ambalo bado linazungumzwa: kulegeza msimamo ndiyo kazi yenyewe ya uongozi, na kiongozi halegezi msimamo kwa rafiki yake, bali kwa hasimu yake.

Makala hii inaeleza hotuba hiyo ilitokana na nini, ilizaa nini, ilishindwa wapi, na kwa nini sisi wa Kigoma tuna sababu ya kuijua.

Kwa nini jambo la Arusha linatuhusu Kigoma?

Ukitoka Kibirizi kwa boti kuelekea kaskazini, ukaiacha Gombe mkono wa kulia, kijiji cha mwisho cha Tanzania ni Kagunga. Mbele yake ni Burundi. Huku juu milimani, Manyovu wilayani Buhigwe na Mabamba wilayani Kibondo ni njia za watu na mazao. Mha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Wapo waliooana, wapo wanaouziana mihogo, maharage, dagaa na mawese.

Kwa hiyo Burundi ikitulia, masoko ya mpakani yanachangamka. Ikichafuka, watu wetu wa mpakani wanajua kabla ya taarifa ya habari, maana wageni wanaanza kuingia wakiwa na watoto mgongoni na mizigo kichwani. Ilikuwa hivyo mwaka 1972, ikawa hivyo 1993, ikawa hivyo tena 2015. Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Nyarugusu: kila mkazi wa mkoa huu anayajua majina ya makambi hayo.

Wengi wetu tulio na miaka thelathini na kitu tulikua tukisikia neno "Arusha" kwenye redio kabla hatujajua mji huo uko upande gani wa nchi. Kwetu Arusha ilimaanisha mazungumzo ya Warundi.

Burundi ilifikaje hapo?

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Kiongozi aliyetazamiwa kuiunganisha nchi, Mwanamfalme Louis Rwagasore, alikuwa ameshauawa tarehe 13 Oktoba 1961. Baada yake siasa ziligawanyika kwa misingi ya Uhutu na Ututsi. Kwa makadirio yaliyotumika miaka mingi, Wahutu ni takriban asilimia 85 ya wananchi, Watutsi asilimia 14 na Watwa asilimia 1. Lakini jeshi na serikali vilishikwa kwa miongo mitatu na viongozi waliotoka zaidi upande wa Watutsi.

Mwaka 1972, baada ya uasi wa Wahutu ulioua Watutsi, jeshi liliua Wahutu wengi, hasa waliosoma. Makadirio mengi yanataja zaidi ya watu 100,000. Waliokimbilia Tanzania walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambayo leo yako mkoa wa Katavi. Wengi wa watu hao na watoto wao wakaja kupewa uraia wa Tanzania miaka mingi baadaye.

Mwezi Juni 1993 ulifanyika uchaguzi wa vyama vingi. Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU, Mhutu, alimshinda Rais Pierre Buyoya wa UPRONA, Mtutsi. Buyoya alikubali kushindwa. Ndadaye naye alinyoosha mkono kwa upande wa pili: alimteua Sylvie Kinigi, mwanamke Mtutsi wa UPRONA, kuwa waziri mkuu. Ilionekana kama nchi imepata njia.

Njia hiyo ilidumu siku zipatazo mia moja tu. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Ndadaye. Wahutu wakawaua Watutsi vijijini, jeshi likawaua Wahutu, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Inakadiriwa viliua watu wapatao 300,000. Mwaka 1996 Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi, na nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwamo, zikaiwekea Burundi vikwazo vya biashara.

Mwalimu alianza, Mandela akapokea

Msuluhishi wa kwanza wa mazungumzo haya alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1996 aliwakutanisha viongozi wa FRODEBU na UPRONA mjini Mwanza. Mwezi Juni 1998 mazungumzo makubwa yakafunguliwa Arusha. Pande zilizokaa mezani zilikuwa 19: vyama saba vilivyohesabiwa kuwa vya upande wa Wahutu, vyama kumi vya upande wa Watutsi, pamoja na serikali na Bunge. Ziligawanywa katika kamati, kila kamati na suala lake: chanzo cha mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi wa nchi, na namna ya kuyasimamia makubaliano.

Kazi ilikuwa nzito. Serikali ya Buyoya ililalamika kwamba Tanzania, iliyobeba wakimbizi na kushiriki katika vikwazo, haiwezi kuwa katikati. Baadhi ya makundi yenye silaha hayakuwamo mezani. Mwalimu alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, makubaliano yakiwa bado. Tarehe 1 Desemba 1999, wakuu wa nchi za ukanda walimteua Mandela kupokea kazi hiyo.

Mandela alikuja na sifa ambayo hakuna aliyeweza kuipinga. Alikaa kifungoni miaka 27, kisha akazungumza na serikali ileile iliyomfunga hadi ukapatikana uchaguzi wa 1994. Alipowaambia Warundi kwamba mtu hupatana na hasimu, alikuwa anazungumza jambo alilolifanya mwenyewe.

Alitumia mbinu gani katika hotuba ile?

Kwanza, aliweka lawama mezani kwa wote. Katika nchi iliyogawanyika, kila upande una orodha ya makosa ya mwenzake, na msuluhishi akianza kupima nani alikosa zaidi, kikao hakiishi. Mandela alianza na maiti, si na historia. Watu wanakufa leo, na ninyi mliomo humu ndio mnaojiita viongozi wao.

Pili, aliwatofautisha viongozi na wananchi. Alitaka wajumbe waone kwamba mwananchi wa kawaida ndiye anayelipa gharama ya misimamo yao. Mjumbe wa Arusha alikuwa analala hotelini na kupewa posho. Mkulima wa Burundi alikuwa analala porini, au kambini kwetu Kibondo na Kasulu. Waswahili wanasema wapiganapo fahari wawili ziumiazo ni nyasi, na maana yake ndiyo hiyo.

Tatu, aligeuza maana ya kulegeza msimamo. Katika siasa za kwetu, anayelegeza huitwa msaliti au mwoga. Mandela alisema kinyume chake: anayeshindwa kulegeza ndiye asiye na uwezo wa kuongoza. Kukubaliana na rafiki si kazi, kwa sababu mlikwisha kukubaliana. Uongozi unaonekana pale unapompa hasimu kitu ambacho wafuasi wako hawataki umpe.

Ukali huo haukuishia siku ile. Katika miezi iliyofuata alisema wazi kwamba haiwezekani kundi dogo lishike siasa, uchumi na jeshi peke yake. Wakati huohuo aliwalaumu waasi wa Kihutu kwa kushambulia raia. Aliibana pia serikali kuhusu makambi ambamo jeshi lilikuwa limewakusanya kwa nguvu mamia ya maelfu ya wananchi, wengi wao Wahutu wa vijiji vinavyozunguka Bujumbura. Alitaka makambi hayo yavunjwe, na wakati wa ziara yake Burundi mwaka 2000 alifika hadi gereza la Mpimba kuwaona wafungwa.

Kila upande uliogopa nini?

Huwezi kuelewa mapatano bila kujua hofu zilizokuwa nyuma yake.

Wahutu waliogopa jeshi. Walikuwa wamekwisha kushinda uchaguzi mmoja, na rais wao akauawa na wanajeshi ndani ya miezi michache. Kwao, kura bila jeshi jipya ilikuwa karatasi tu.

Watutsi waliogopa kura. Kama kila mtu ana kura moja na watu wanapiga kwa kabila, wao hawatashinda kamwe. Tena walikuwa wameona jirani, nchini Rwanda mwaka 1994, Watutsi wakiuawa kwa mamia ya maelfu. Kwao, jeshi ndilo lililokuwa ngao ya mwisho.

Hofu zote mbili zilikuwa za kweli. Ndiyo maana kumwambia upande mmoja "acheni woga" kusingesaidia. Ilibidi kila upande upewe ulinzi ulioandikwa.

Nipe nikupe ya Arusha

Makubaliano ya Amani na Maridhiano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, Rais Bill Clinton wa Marekani akiwa miongoni mwa mashuhuda. Kiini chake ni hiki:

Wahutu walipata uchaguzi wa kidemokrasia na jeshi jipya. Watutsi walipata uhakika wa viti na nafasi hata wakiwa wachache.

Katiba ya mwaka 2005 iliyotokana na makubaliano hayo iliweka hesabu wazi. Bunge na baraza la mawaziri: Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40. Seneti: nusu kwa nusu, pamoja na nafasi za Watwa. Jeshi na polisi: hakuna kundi linaloruhusiwa kuzidi asilimia 50. Wanawake: angalau asilimia 30 bungeni na serikalini. Watwa, ambao siku zote walisahauliwa, walipewa viti vitatu bungeni.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Mhutu mwenye msimamo mkali angesema: sisi ni asilimia 85, kwa nini tupewe 60? Mtutsi mwenye msimamo mkali angesema: jeshi lilikuwa letu, kwa nini tutoe nusu? Kila mmoja alitoka na kidogo kuliko alichodai, na kila mmoja alitoka na kitu ambacho asingekipata kwa bunduki.

Urais wa mpito nao uligawanywa. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2001 Buyoya aliongoza kwa miezi 18, makamu wake akiwa Domitien Ndayizeye wa FRODEBU. Tarehe 30 Aprili 2003 Buyoya alikabidhi madaraka kwa Ndayizeye. Walio wengi hawakuamini kwamba mwanajeshi aliyechukua nchi kwa mapinduzi mara mbili angetoka kwa hiari, lakini alitoka.

Ni nini kilikosekana siku ya kusaini?

Hotuba ya Mandela na saini za Agosti 2000 hazikumaliza vita. Siku ile ya sherehe, baadhi ya vyama vya Watutsi vilikataa kusaini, vikaja kusaini wiki chache baadaye. Wengine walisaini huku wakiandika vipengele wasivyovikubali. Kubwa zaidi, makundi mawili yaliyokuwa yanapigana kweli, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakusaini. Waliosaini hawakuwa na amri juu ya bunduki zote.

Kwa hiyo vita viliendelea miaka mingine mitatu. CNDD-FDD ya Pierre Nkurunziza ilikubali kusimamisha mapigano na kuingia serikalini mwaka 2003, na makubaliano yake ya mwisho yalisainiwa Dar es Salaam mwezi Novemba. FNL iliendelea zaidi, ikasaini Dar es Salaam mwezi Septemba 2006, na kuweka silaha chini mwaka 2009.

Wapo wanaomlaumu Mandela kwamba aliharakisha, kwamba alitumia heshima yake kuwasukuma watu kusaini jambo ambalo halijaiva. Wapo wanaojibu kwamba bila msukumo ule wangekuwa bado wanajadili ajenda. Hoja zote mbili zina ukweli. Kilicho wazi ni kwamba waliokuja baadaye na bunduki zao waliingia katika nyumba ambayo msingi wake ulijengwa Arusha. Jeshi la zamani na waasi wa zamani walivaa sare moja. Kati ya mwaka 2002 na 2009, karibu wakimbizi nusu milioni walirejea Burundi, wengi wao kutoka Tanzania. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012.

Kagunga 2015: mapatano yasipolindwa

Makubaliano ya Arusha yalisema rais achaguliwe kwa miaka mitano, arudi mara moja tu, na kwamba hakuna mtu atakayetawala zaidi ya vipindi viwili. Mwezi Aprili 2015 chama tawala kilimpitisha Rais Nkurunziza kugombea kwa mara ya tatu. Watetezi wake walisema kipindi cha kwanza hakihesabiki, kwa kuwa mwaka 2005 alichaguliwa na Bunge, si moja kwa moja na wananchi. Wapinzani walisema Arusha imevunjwa. Maandamano yakazuka Bujumbura. Tarehe 13 Mei 2015, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwa mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, baadhi ya wanajeshi walijaribu kumpindua wakashindwa.

Kilichofuata wasikilizaji wetu wa ukanda wa ziwa wanakikumbuka. Makumi ya maelfu ya watu walimiminika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji. Hakukuwa na vyoo vya kutosha wala maji safi. Kipindupindu kikaingia, na watu zaidi ya 30 wakafariki, wengi wao wakimbizi, pamoja na wenyeji wetu. Mv Liemba, meli iliyobeba abiria wa ziwa hili kwa vizazi, iligeuzwa kuwa daraja: safari baada ya safari kutoka Kagunga hadi bandari ya Kigoma. Watu walipokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu. Baadaye Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena. Katika miaka miwili idadi ya Warundi waliokimbilia Tanzania baada ya 2015 ilipita 200,000.

Lipo jambo moja la kuzingatia. Mgogoro wa 2015 haukuwa tena Wahutu dhidi ya Watutsi kama zamani. Miongoni mwa waandamanaji walikuwamo wa pande zote mbili, na vivyo hivyo miongoni mwa waliokuwa upande wa serikali. Wachambuzi wengi wanaona kuwa hayo ni matunda ya Arusha. Ugomvi wa kabila ulikuwa umepungua makali, lakini ugomvi wa madaraka haukuwa umepatiwa dawa.

Mwaka 2018 Burundi ilipiga kura ya maoni na kubadili katiba. Kipindi cha urais kiliongezwa hadi miaka saba, na Seneti ikapewa kazi ya kutathmini kama mgawo wa kikabila uendelee. Nkurunziza alifariki Juni 2020, na Évariste Ndayishimiye akaapishwa mwezi huohuo.

Sisi tunachukua nini hapo?

Mapatano ya namna hii si mageni nchini kwetu. Zanzibar, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume alikutana na Maalim Seif Sharif Hamad baada ya miaka mingi ya uhasama kati ya CCM na CUF. Mwaka uliofuata, Julai 31, wananchi walipiga kura ya maoni na kuikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Huko nako, kupatana kulikuwa rahisi kuliko kuyalinda mapatano, kama uchaguzi wa 2015 visiwani ulivyoonyesha ulipofutwa.

Kwa hiyo unapomsikia kiongozi yeyote, wa nchi yoyote, akihutubia kuhusu maridhiano, jiulize maswali matatu.

La kwanza: nani hayupo mezani? Arusha ilikosa wenye bunduki, na vita vikaendelea miaka mitatu.

La pili: kila upande umetoa nini? Kama upande mmoja tu ndio uliotoa, hayo si mapatano, ni amri iliyopambwa.

La tatu: nani atalinda kilichoandikwa, siku ambayo mmoja wao atapata nguvu za kukivunja? Swali hili ndilo ambalo Arusha ililijibu kwa udhaifu, na jibu lake tulilipokea sisi kwenye gati la Kigoma.

Tarehe za kukumbuka

1 Julai 1962: Burundi yapata uhuru.
21 Oktoba 1993: Rais Ndadaye auawa.
Juni 1998: Mazungumzo yafunguliwa Arusha chini ya Mwalimu Nyerere.
14 Oktoba 1999: Mwalimu Nyerere afariki dunia.
16 Januari 2000: Mandela ahutubia wajumbe Arusha.
28 Agosti 2000: Makubaliano ya Arusha yatiwa saini.
Novemba 2003: CNDD-FDD yasaini makubaliano ya kusimamisha vita, Dar es Salaam.
2005: Katiba mpya na uchaguzi.
Aprili na Mei 2015: Mgogoro wa muhula wa tatu, wakimbizi waingia Kagunga.